Mahojiano ya siasa na filme ya michoro: namna ya kuzipima

Hapa Lubumbashi tunaangalia wanasiasa wakihojiwa kwenye televizyo. Tuko pia na filme fupi za michoro zilizotengenezwa na vijana wa muji wetu. Zote mbili zinasema juu ya maisha yetu, lakini haipimwi kila moja kwa kipimo kile kile.

Kwa mahojiano, swali la kwanza ni hili: televizyo ni ya nani? Nyota na Mapendo ni za Moïse Katumbi, liwali wa Katanga tangu 2007 mpaka 2015. Jua ilikuwa ya Jean-Claude Muyambo. Ikiwa mugeni ndiye mwenyi televizyo, nani atathubutu kumurudilia swali mara ya pili?

Swali lingine: nani anaweza kuifunga? Jua ilifungwa Novemba 2014, Muyambo alipotoka kambi ya Raisi Joseph Kabila. Katumbi aliacha chama cha PPRD Septemba 2015. Januari 2016, Nyota na Mapendo zikafungwa. Serkali ilisema ni mambo ya kodi. Nyota ilirudi hewani 2019. Siku ile televizyo inafungwa, si mupinzani peke yake anayepoteza: mukaaji naye anakosa kusikia pande mbili.

Filme haina mugeni wala muulizaji. Tuchukue Machini, ya Frank Mukunday na Tétshim, watu wa Lubumbashi, iliyotoka 2019. Inachukua dakika 10 tu. Wameifanya kwa mawe na chaki: unasogeza jiwe kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Ukiweka picha 12 kwa sekunde moja, dakika 10 zinaomba picha 7.200. Ndani yake hakuna ministri. Kuna watu wanaoishi karibu na viwanda, moshi, na mutu anayegeuka sawa machini. Na jiwe lenyewe linasema: udongo wetu ndio unauzwa.

Basi, mbele ya mahojiano, uliza: swali gugumu lilirudiliwa, ao liliachwa? Mbele ya filme, uliza: kitu walichotumia kinasaidia habari, ao ni urembo tu?

Na mwisho, swali moja kwa zote mbili. Wakisema juu ya mugodi, yule anayekaa kando ya mugodi yuko wapi? Mara nyingi, kwenye mahojiano anatajwa tu. Kwenye Machini, ni yeye tunayemuona.