Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Uchunguzi wa Anga Katika Nchi Zetu



Katika mikutano yetu ya tafakari, vijana wa sekondari na wa chuo kikuu wametuletea maswali mawili ambayo si vema kuyapita kimya. La kwanza: je, mtu anayezichunguza mbingu kwa darubini na kwa vyombo vinavyorushwa angani haingilii siri ambazo Mungu amejiwekea? La pili ni chungu zaidi: sisi wa Bukavu, tuliolizwa na vita na kuchoshwa na njaa, tuna nini na nyota? Tumeona vema kuyajibu kwa njia ya historia. Historia hii imepita pia katika nchi zetu, ingawa haisimuliwi mara nyingi: katika pwani ya Kenya, katika Katanga, na katika bonde hili la Ziwa Kivu tunamoishi.

Kanisa na darubini

Mwezi Januari 1610, Galileo Galilei aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Jupita, akaona kandokando yake nyota ndogo nne zilizobadili mahali usiku hata usiku. Alitambua kwamba ni miezi inayoizunguka sayari hiyo. Kwa hiyo si kila kitu mbinguni kinaizunguka dunia yetu. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa huko Roma ilimhukumu, naye akaishi chini ya kifungo cha nyumbani hadi kifo chake mwaka 1642. Sisi walei hatuna sababu ya kuificha habari hii, maana Kanisa lenyewe halikuificha: tarehe 31 Oktoba 1992, mbele ya Akademia ya Kipapa ya Sayansi, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia wa wakati ule walishindwa kutofautisha Maandiko Matakatifu na tafsiri yao wenyewe ya Maandiko hayo.

Lakini jeraha hilo si historia yote. Kalenda tunayoitumia kupanga Pasaka na Majilio ilirekebishwa mwaka 1582 na Papa Gregori XIII, kwa msaada wa wanahesabu akiwemo Mjesuiti Christopher Clavius. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alianzisha upya kituo cha Vatikano cha kuchunguzia nyota, ili ulimwengu uone kwamba Kanisa haliiogopi sayansi ya kweli. Wajesuiti wanakihudumia hadi leo, na tangu mwaka 1993 kina darubini kubwa juu ya mlima mmoja huko Arizona, Marekani. Usiku ule wa Julai 1969 watu walipotua mwezini kwa mara ya kwanza, Papa Paulo VI aliutazama mwezi kwa darubini ya Castel Gandolfo, kisha akawatumia wanaanga salamu na baraka zake.

Yupo pia padre mmoja ambaye tungependa kila kijana wetu alijue jina lake: Georges Lemaître, Mbelgiji, raia wa nchi iliyokuwa ikiitawala Kongo wakati ule. Mwaka 1927, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba makundi makubwa ya nyota yanaachana kadiri wakati unavyopita. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulimwengu wote ulianzia katika hali ndogo sana na nzito sana. Hilo ndilo wazo ambalo baadaye liliitwa Mlipuko Mkuu. Wengine walidhani padre huyu ameingiza kitabu cha Mwanzo katika hesabu. Yeye mwenyewe alikataa. Papa Pius XII alipolisogeza wazo hilo karibu na fundisho la uumbaji, mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Aliona kwamba nadharia ya sayansi husimama au huanguka kwa ushahidi wake wenyewe, na imani isiegemezwe juu ya kitu ambacho kesho chaweza kurekebishwa. Muda mfupi kabla ya kifo chake, Juni 1966, alipata habari kwamba wataalamu wa Marekani wamenasa mnururisho hafifu uliobaki kutokana na joto la zama zile za mwanzo.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali la kwanza. Anayeichunguza kazi ya Muumba hamwibii Muumba kitu. Alichokiumba Mungu kimeachwa wazi mbele ya akili aliyotupa yeye mwenyewe.

Malindi: chombo kilichoitwa Uhuru

Darubini iliyo juu ya ardhi ina mpaka. Hewa inayotuzunguka ni kama blanketi: hutulinda, lakini pia huzuia aina nyingi za mionzi isitufikie. Eksirei ambazo hospitali hutumia kupigia picha mifupa hutolewa pia na nyota fulani, wala hakuna darubini ya ardhini inayoweza kuziona. Ndiyo sababu binadamu alilazimika kuibeba darubini na kuipeleka juu ya hewa.

Kazi hiyo ilipata mlango wake katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 Waitalia wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi, wakayaita San Marco, yaani Mtakatifu Marko. Walichagua mahali hapo kwa sababu pako karibu sana na ikweta. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa kutoka hapo hupewa kasi hiyo bure. Tena, chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu za anga zenye mionzi mikali inayovuruga vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya walipoadhimisha miaka saba ya uhuru wao, roketi iliruka kutoka jukwaa hilo ikiwa imebeba satelaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za mbinguni peke yake. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili ilipekua anga lote na kuorodhesha vyanzo 339. Vipimo vyake juu ya kimoja kati ya hivyo, kiitwacho Cygnus X-1, viliwasaidia wataalamu kupata ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Kwa miaka mingi Kenya ilitoa bahari yake, ikweta yake na jina la lugha yetu, lakini takwimu zilisomwa ng'ambo. Hata hivyo, orodha ya Uhuru haikufungiwa: ilichapishwa, na mwanafunzi yeyote duniani aliweza kuisoma. Tena urafiki ulizaa tunda, ingawa kwa kuchelewa. Tarehe 11 Mei 2018 satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kile kile cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu roketi ya Uhuru iruke.

Katanga: ardhi iliyotolewa kwa sahihi moja

Nchi yetu ina hadithi yake, nayo haikuishia hivyo. Mwaka 1976 serikali ya Rais Mobutu ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, ikaipa eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, hadi mwaka 2000. Ili tupate kulinganisha, mkoa wetu wote wa Kivu ya Kusini ni kama kilomita za mraba 65,000.

Wazo la mhandisi Lutz Kayser, mwanzilishi wa kampuni hiyo, halikuwa la kipuuzi. Alitaka kuunda roketi ya bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi mepesi yanayofanana, kama mtu afungavyo tita la kuni. Naye Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Florida wakati wa safari za mwezini, alijiunga naye. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977 kutoka uwanda wa juu unaotazama bonde la Mto Luvua. Ya pili ilifuata Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Ikapotoka njia na kuanguka. Wakati huo Umoja wa Kisovyeti na majirani kama Angola walikuwa wakidai kwamba huko msituni yanatengenezwa makombora. Kampuni ilikana, ikisema kazi yake ni ya amani. Mwezi Aprili 1979 Mobutu aliifunga kazi hiyo, na Kayser akahamia Libya.

Mwaka ule ule wa 1977 Marekani ilirusha chombo cha Voyager 1, ambacho hadi leo kinaendelea na safari yake nje ya eneo la sayari zote, zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka kwetu. Luvua haikuachiwa shule ya wahandisi. Sisi hatusemi kwamba roketi ni dhambi. Dhambi hukaa katika namna ya kuamua: ardhi kubwa kuliko mkoa ilitolewa Kinshasa, na wakulima na wavuvi wa Luvua hawakuketi mezani. Ni desturi ile ile tunayoijua katika machimbo. Koltani inayochimbwa Kalehe na kwingineko hutoa tantali, madini yanayotumika katika simu, katika kompyuta na hata katika vyombo vya angani. Hivyo udongo wetu umefika mbali angani kabla ya watoto wetu kupata maabara.

Hata hivyo tusiwasahau waliothubutu. Tangu mwaka 2007 mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka na wenzake wamejaribu roketi zao ndogo ziitwazo Troposphère karibu na Kinshasa. Baadhi zilishindwa. Lakini waliozitengeneza na kuzirusha ni wana wa nchi.

Kivu: anga linaloitazama ardhi yetu

Sasa tulijibu swali la pili. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, yapata saa tatu na nusu asubuhi, wengi wakiwa kanisani, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliupiga mji wetu na nchi jirani ya Rwanda. Makumi ya watu walikufa, wengi wao upande wa Rwanda, na baadhi yao ndani ya makanisa yaliyoanguka. Baada ya hapo wataalamu waliitafuta chemchemi ya tetemeko lile kwa kutumia satelaiti za rada. Satelaiti ya namna hiyo hutuma mawimbi ardhini na kupokea mwangwi wake, mchana na usiku, hata penye mawingu. Ikipita tena juu ya mahali palepale baada ya siku kadhaa, picha mbili hulinganishwa, na ardhi iliyoinuka au kushuka hata kwa sentimeta chache hujulikana.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava iliposimama, mitetemo haikusimama. Vipimo vya ardhini na picha za rada kutoka angani vilionyesha kwamba mawe yaliyoyeyuka yamejipenyeza chini ya Goma yenyewe kuelekea ziwani, na tarehe 27 Mei wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Tunakumbuka jinsi ndugu zetu walivyofika Bukavu kwa boti, nasi tukawapokea katika nyumba na katika parokia.

Lakini jicho la angani halitoshi bila mtu wa kukesha ardhini. Lwiro, umbali wa karibu kilomita 45 kutoka hapa, kipo kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa ukoloni, mwaka 1947, na watafiti wa Kikongomani wameendelea kusikiliza matetemeko humo hata katika miaka ya vita. Huko Goma, miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa 2021, kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha, hata intaneti ya kupokelea takwimu ikakatika kwa muda. Satelaiti za mabilioni zilikuwa zikipita juu, na aliyezihitaji kuliko wote alikosa malipo ya mwezi ya mawasiliano. Hapo ndipo haki inapotakiwa.

Macho yaliyolia

Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996, anakumbukwa kwa usemi wake kwamba yapo mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Darubini hurefusha jicho, na chombo cha angani hulipeleka mbali zaidi. Lakini hakuna kioo kinachoweza kumfundisha mtu amtazame nani kwanza. Kazi hiyo ni ya dhamiri, na macho ya watu wa Kivu yamelia vya kutosha kuweza kuifanya.

Basi tusiwakataze vijana wetu kuzitazama nyota. Tuwalipie masomo ya hesabu na fizikia kwa bidii ile ile tunayochangia ujenzi wa kanisa. Na kila mgeni anayekuja kutumia ardhi yetu, ikweta yetu au madini yetu, tumpokee kwa ukarimu na kumwuliza waziwazi: mwenyeji atapona kwa nini?

Kwa tafakari katika jumuiya zetu: Je, tumewahi kumvunja moyo kijana kwa kudhani kwamba sayansi itamwondolea imani? Ni nani katika parokia yetu anayejua la kufanya ardhi ikitetemeka wakati wa Misa? Tunaweza kufanya nini pamoja, mwaka huu, ili mwanafunzi mmoja maskini asome sayansi hadi mwisho?