Kimya na Kinyago katika Filamu Mbili za Mwaka 1966

Katika historia ya sanaa ya filamu, mwaka 1966 unastahili kukumbukwa kwa ajili ya filamu mbili: Persona ya Ingmar Bergman wa Sweden, na La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegal. Kila moja inatuwekea mbele yetu mwanamke asiyesema, na kila moja inahusu kinyago. Lakini kimya cha wanawake hao wawili si kimoja, na tofauti yake ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Neno persona katika Kilatini lilikuwa jina la kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani. Katika filamu ya Bergman, mwigizaji mashuhuri Elisabet Vogler ananyamaza ghafla katikati ya mchezo wa Electra, na tangu hapo anakataa kusema. Anapelekwa kupumzika katika nyumba iliyo kando ya bahari pamoja na muuguzi, Alma. Muuguzi anazungumza mchana na usiku, hata anatoa siri zake za aibu. Mgonjwa anasikiliza tu. Siku moja Alma anasoma barua ya Elisabet iliyoachwa bila kufungwa, akatambua kwamba yeye aliyejidhani rafiki amekuwa kitu cha kuchunguzwa. Hatimaye nusu za nyuso zao zinaunganishwa kuwa uso mmoja. Elisabet alitaka kuvua kinyago cha uongo wa maisha. Kumbe kimya chake nacho ni kinyago kingine. Hata hivyo, alikichagua mwenyewe.

Diouana, msichana wa Dakar katika filamu ya Sembène, hakupewa uchaguzi huo. Aliajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto, naye kwa furaha akawazawadia waajiri wake kinyago. Alipowafuata Antibes, Ufaransa, akawa mpishi, dobi na mfagiaji, akifungiwa baina ya kuta nyeupe ambamo kinyago chake nacho kimetundikwa kama pambo. Kinywa chake hakitoi ila maneno machache ya utii. Sisi watazamaji tu ndio tunaosikia yaliyomo moyoni mwake. Barua ya mama yake inapofika, bwana wa nyumba anaanza kuandika jibu kwa niaba yake, bila kumwuliza la kusema. Diouana anaichana barua hiyo. Baadaye anakitwaa kinyago chake, anakataa mshahara, kisha anajiua. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kimya hicho kilikuwa na historia yake. Amri ya mwaka 1934 iliweka upigaji wa filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika chini ya idhini ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo Mwafrika alipigwa picha na wengine, wala hakujieleza mwenyewe. Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 na kupata kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alijifunza filamu mjini Moscow baada ya nchi yake kujitawala mwaka 1960.

Hata hivyo, ushindi wake haukukamilika papo hapo. Sauti ya moyo wa Diouana, msichana asiyejua kusoma, inasema Kifaransa. Hicho nacho kilikuwa kinyago, na safari hii kilivaliwa na filamu yenyewe. Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, ambamo watu wa Dakar wanazungumza Kiwolofu, lugha yao wenyewe.

Hapo ndipo tunapopata funzo. Bergman aliuliza kama kuna uso wa kweli nyuma ya kinyago. Sembène aliuliza ni nani aliyekitundika kinyago, na juu ya ukuta wa nani. Mwishoni mwa filamu yake, bwana yule anarudi Dakar akiwa na vitu vya marehemu na fedha. Mama anazikataa fedha, na mtoto anavaa kinyago na kumfuata nyuma hatua kwa hatua. Mtoto hasemi neno, lakini anayekimbia ni yule bwana.