Mfarishi wa Bibi na Godoro la Sponji

Nilikuwa Mtwara, na kisa cha leo kinaanzia Mikindani, kwenye mfarishi wa bibi yangu.

Aliushona mwenyewe: kanga mbili kuukuu, katikati sufi. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani na nta juu, ndiyo maana haziloani upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wazungu walizijaza kwenye maboya ya mabaharia. Lakini uwazi huohuo, pamoja na nta, hufanya sufi idake moto kufumba na kufumbua. Bibi alilijua hilo. Alijaza sufi mchana, uani, mbali na jiko, na kibatari hakikusogea karibu na kitanda. Ole wako akikukuta unasomea nacho kitandani!

Wengine walilalia usumba wa makumbi ya nazi, au pamba. Pamba nayo ina hila zake: inafuka kimyakimya. Unamwaga maji, unadhani umemaliza, saa kadhaa baadaye moshi unarudi. Godoro la pamba lililoungua hutolewa nje, halirudishwi ndani usiku ule.

Halafu ikaja sponji. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937, kwa Otto Bayer na wenzake. Nyepesi, laini, haihitaji kuchambuliwa wala kuanikwa kila mara. Sote tukaikimbilia, mimi nikiwemo. Kumbe sponji ya kawaida ikiwaka hukimbia na chumba kizima, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Mtu anaanguka kabla ndimi za moto hazijamfikia. Mei 1979, mjini Manchester, moto ulioanzia kwenye samani za sponji ndani ya duka la Woolworths uliua watu 10. Mwaka 1988 Uingereza ikaweka kanuni kwamba vijazio na vitambaa vya samani vipimwe kwa moto kwanza.

Sasa njoo kwetu. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, ilianza kuwasha taa za Mtwara miaka ya 2000. Kibatari kikapungua, na hofu ya bibi ikaondoka nacho. Leo tunaweka dawa ya mbu ya kufukiza chini ya kitanda, chaja juu ya godoro, tunalala fofofo.

Juzi nilikwenda dukani kununua vifaa vya mfarishi wa mtoto wa dada. Nikauliza habari ya moto. Muuzaji akacheka, akaniambia nibonyeze nione ulaini. Nikaomba vipande vidogo, nikavichoma uani juu ya sinia. Kimoja kilinuka karatasi na kuacha majivu laini: pamba. Cha pili, ambacho nacho niliambiwa ni pamba, kiliyeyuka, kikadondosha matone ya moto, kikaacha punje ngumu nyeusi. Poliesta hiyo, na tone lake kwenye ngozi ya mtoto hunata.

Nikachukua pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, maana kitambaa chenye manyoya hushika moto upesi zaidi, na ndani nikajaza pamba.

Nikampelekea bibi aukague. Akaupapasa, akageuza mishono, akauliza, "Na dawa ya mbu mnaiweka wapi?"