Betri Moja, Kamera Nne: Historia ya Umeme wa Kushirikiana Masisi na Walikale

Mfumo wa kamera za ulinzi wa nyumbani, yaani kamera kadhaa zinazotazama lango, ua na ghala na kupeleka picha mahali pamoja, ulibuniwa na watu ambao hawakulazimika kuuliza umeme utatoka wapi. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens jijini New York, aliomba hataza, ambayo ni hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969, akiwa katika jiji ambalo waya za umeme zilikuwa zimeingia nyumbani zamani. Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, swali la umeme ndilo linalotangulia, na kwa hiyo historia ya kamera huko ni sehemu tu ya historia ya betri.

Umeme wa maji wa Kivu ulianzia kusini, kwenye mto Ruzizi, ambako kituo cha kwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili kikafuata mwaka 1989, kisha ukasafirishwa kwa laini ndefu hadi Goma. SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970, lilishika ukiritimba hadi sheria ya Juni 2014 ilipowafungulia mlango wawekezaji wengine, na ndipo kituo cha Matebe wilayani Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kikazinduliwa Desemba 2015 chini ya mradi wa Hifadhi ya Virunga, na kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020. Mengi ya hayo yalielekea Goma na Rutshuru. Walikale, wilaya ya msitu yenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 23,500, ilibaki nje ya laini.

Pengo hilo lilizibwa na jenereta. Machimbo ya madini ya bati ya Bisie, huko Walikale, yalipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapagazi walipita msituni na mizigo mgongoni, na ndege ndogo zikawa zinatua juu ya barabara ya lami huko Kilambo ili kuyapeleka madini Goma. Kila lita ya mafuta iliyofika ndani ilikuwa na bei ya safari hiyo. Hata mgodi wa kisasa wa Alphamin, ulioanza kuzalisha mwaka 2019, ulitegemea jenereta zake wenyewe za dizeli. Katika mazingira hayo si ajabu kwamba mashine moja ilitarajiwa kuhudumia taa, simu na televisheni kwa pamoja.

Wazo la chanzo kimoja kulisha vifaa vingi, hata hivyo, lina mizizi katika simu za zamani. Hapo mwanzo kila nyumba yenye simu ilikuwa na betri yake, mpaka katika miaka ya 1890 kampuni za Marekani zilipoanza kuweka betri moja kubwa kwenye kituo cha simu, na umeme ukapita katika waya zilezile zilizobeba sauti. Kipimo cha volti 48 kilichozoeleka kwenye vituo hivyo ndicho kilichorithiwa na minara ya simu za mkononi, ikiwemo iliyosimama vilimani bila laini yoyote ya umeme, na mwaka 2003 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka, karibu na volti hizo hizo, kiwango cha kupitisha umeme na picha katika waya moja ya mtandao, hadi wati 15.4 kwa kila tundu na kwa umbali wa mita 100.

Volti hizo zina sababu. Kamera ya wati 6 inayolishwa kwa volti 12 huvuta nusu ampea, na ikiwekwa mita 50 kutoka kwenye betri kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, hupoteza njiani zaidi ya volti moja na nusu, kiasi kinachoweza kuifanya izime na kuwaka ovyo. Kwa volti 48 hasara haifiki nusu volti. Fundi anayeunganisha kamera ya mbali kwa waya mwembamba kisha akailaumu kamera, analaumu kisichostahili.

Hesabu ya usiku ni ngumu zaidi kwa betri inayojazwa na paneli ya jua, kwa kuwa kamera nyingi huwasha taa zisizoonekana kwa macho gizani, yaani hutumia umeme mwingi saa ambazo jua halipo. Kamera nne za wati 6 pamoja na kinasa picha cha wati 10 hutumia wati 34, ambazo kwa saa 12 ni wati-saa 408. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, yenye volti 12, hubeba wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa inatakiwa kudumu; hivyo inatosha usiku mmoja, na asubuhi ya ukungu katika vilima vya Masisi, au mvua ya Walikale, haiijazi upya.

Udhaifu mwingine ni wa asili ya mpango wenyewe: chanzo kikikatwa, kamera zote hupofuka kwa pamoja. Tena paneli juu ya bati huonekana na kila apitaye, jambo lisilo dogo mahali ambapo Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Walikale-centre ikafuata Machi, na familia zikakimbia na kile zilichoweza kubeba.

Kwa hiyo anayenunua kamera huko na aanze na betri: aifungie ndani ya nyumba, kila waya uwe na fyuzi yake ili hitilafu ya kamera moja isizime nyingine, na kamera ya lango ipewe betri ndogo ya pembeni. Mlinzi wa usiku, ambaye watu wa Goma humwita zamu, asiachishwe kazi.