Kitufe cha kwenye skrini hubadilikaje sura?

Mshale wa kipanya unapopita juu ya kitufe kilichochorwa kwenye skrini, rangi yake hukolea. Kikibonyezwa, huonekana kudidimia. Kazi isipowezekana, hufifia. Mtumiaji huzielewa ishara hizo bila kuzifikiria, ingawa kila moja imeandikwa na mtu.

Katika programu za Windows zinazotumia mfumo wa WPF, uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2006, njia ya kwanza ya kuziandika ni vichochezi. Kichochezi ni kanuni yenye sharti: mshale ukiwa juu ya kitufe, rangi iwe ya buluu. Sharti likikoma, rangi ya awali hurejea yenyewe. Matatizo huanza vichochezi vinapoongezeka. Viwili vikigombea rangi ileile katika mtindo mmoja, kilichoandikwa mwisho ndicho kinachoshinda. Na rangi iliyowekwa moja kwa moja kwenye kitufe hushinda kichochezi chochote cha mtindo. Hapo ndipo wanaoanza hupoteza saa nyingi wakisaka kosa ambalo kompyuta hailitangazi.

Njia ya pili, hali za mwonekano, ilianza katika Silverlight 2 mwaka 2008, ikaingia WPF toleo la 4 mwaka 2010. Hapa kitufe chenyewe hutangaza kimo katika hali gani, naye mchoraji huamua hali hiyo ionekaneje. Hali hupangwa kwa makundi. Katika kundi moja, kitufe huwa cha kawaida, kimepitiwa na mshale, kimebonyezwa au kimezimwa; kamwe si viwili kwa pamoja. Kundi jingine huonyesha iwapo kimelengwa na kibodi, jambo linaloweza kwenda sambamba na lolote kati ya hayo, isipokuwa kuzimwa.

Alama ya kulengwa ndiyo inayotupwa kwa urahisi zaidi, pengine kwa kuwa mchoraji huiona haipendezi. Gharama yake humwangukia mtu asiyeweza kushika kipanya, anayepita dirishani kwa kubonyeza Tab: bila alama hiyo hajui kama yuko juu ya “Hifadhi” au “Futa”. Rangi pekee nayo haitoshi, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mstari mzito ukingoni husaidia. Kipimo ni rahisi: weka kipanya kando, kisha jaribu kuitumia programu yote kwa kibodi.