Na, na, na: kutoka Kabambare hadi Kasongo

Sokoni Kabambare mama mmoja, aliposikia naelekea Kasongo, alinikabidhi mchele na kikaratasi: "Wape wadogo wangu, fundi na mwalimu." Nilipiga hatua chache, nikarudi. Fundi na mwalimu ndio wadogo zake, au ni watu wengine? Akanijibu taratibu: "Baba, ni wadogo wangu na fundi na mwalimu." Hapo nikajua mchele ni wa kugawiwa akina nani.

Njia niliyoishika ndiyo iliyoleta Kiswahili huku Maniema. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare. Wangwana wa misafara hiyo walikuja na merikani na ushanga na baruti, na lugha yao ikabaki, ikaitwa Kingwana. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo makao yake tangu miaka ya 1870, mpaka mji ukatekwa na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1893. Orodha za biashara ya misafara hiyo zinauma kuzisoma, maana "na" ileile iliyounga nguo na ushanga iliunga pembe na binadamu.

Aliporudi Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Maandishi ya Kiarabu ya zama zile hayakuwa na mkato kama huu wetu. Kazi ya kutenganisha vitu ilifanywa na "wa" ya Kiarabu na "na" ya Kiswahili, moja mbele ya kila kitu. Mkato ulifuata herufi za Kirumi.

Ulipofika ulikuta walimu wawili. Mtoto wa Kasongo anayesoma Kifaransa hufundishwa kuwa katika orodha ya kawaida mkato hauwekwi kabla ya "et". Upande wa pili wa ziwa tumerithi Kiingereza, nacho kimegawanyika: shirika la uchapishaji la Oxford huuweka mkato huo wa mwisho, magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Ndiyo maana vitabu vyetu navyo havifanani.

Shuleni nilikatwa alama kwa kurudia "na". Niliambiwa ni uandishi wa kitoto, nami nikaamini miaka mingi. Sasa nasema waziwazi kwamba tulidhulumiwa. Ungeongezwa mkato baada ya "fundi", kile kikaratasi kingesomeka vizuri zaidi, na pale penye utata nauunga mkono. Lakini mkato hausikiki. Mama yule alikuwa na njia inayosikika hata gizani, hata kwa asiyejua kusoma.

Kasongo niliingia jioni. Wadogo zake walikuwa wawili, mmoja anauza mawese, mwingine analima mpunga. Fundi nilimkuta kwenye cherehani yake. Mwalimu alikuja mwisho, na fungu lake la nne lilikuwa linamngoja.