Msomi wa Ng'ambo na Mizani ya Pamba

Katika madarasa ya siasa tunayoyaendesha Bariadi, swali moja hurudi kila mara: je, mtoto wa mkulima anayekwenda kusoma Ulaya anakwenda kujikomboa au kujiuza? Wako wanaojibu kwamba elimu ya mabeberu haiwezi kuzaa kitu isipokuwa kasumba. Wako pia wanaoiabudu shahada ya ng'ambo kama hirizi. Majibu yote mawili yana kosa moja: yanamtazama msomi peke yake na kuusahau umma uliomlea. Historia ya pamba Usukumani inatupa jibu lililo sahihi zaidi.

Tuanze na hali halisi ya uchumi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Jimbo la Ziwa, pamoja na Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akatenga pamba safi na pamba fifi, kisha akaupeleka mzigo wake kwa mnunuzi. Hapo mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma alikuwa karani wa mnunuzi. Asiyejua namba hakuwa na njia ya kubisha. Wanunuzi wengi walikuwa wenye asili ya Kiasia, lakini tusikosee: adui hakuwa rangi ya mtu, bali mfumo uliompa mmoja mizani, hesabu na kinu, ukamwachia mwingine jasho tu.

Wakulima hawakungoja msomi awaamshe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Umoja haukuwa mgeni kwao, kwani vikundi vya vijana vya kulimiana, chini ya viongozi walioitwa basumba batale, vilikuwa desturi ya Wasukuma. Katika kuwaunganisha wakulima hao aliongoza Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, Musoma, ambaye alikuwa amekwisha kuutumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza.

Ni katika hali hiyo ndipo Bomani alipokwenda Uingereza mwaka 1953, kusoma katika Chuo cha Ushirika karibu na Loughborough. Hakikuwa chuo kikuu cha mabwanyenye. Kilikuwa chuo cha vyama vya ushirika vya Uingereza, ambavyo chanzo chao ni duka lililofunguliwa mwaka 1844 na wafanyakazi wa Rochdale, mji wa viwanda vya nguo. Wavuja jasho wa nchi ile ile iliyotutawala nao walikuwa wamepunjwa, wakajifunza kujitetea kwa chama chenye kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Hapa tunapata funzo la kwanza: Ulaya si kitu kimoja. Ina wanyonyaji na ina wanyonywaji, na mwanafunzi wetu anapofika huko hana budi kuchagua anajifunza kwa nani.

Funzo la pili ni la kurudi. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo ili aitumikie TANU. Bomani naye alirudi mwaka 1954, na mwaka uliofuata likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya eneo hilo ilipita mikononi mwa ushirika, na ushirika ulikuwa na vinu vyake. Tena haya yalifanyika katika jimbo ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga marufuku TANU kati ya 1954 na 1958. Wote wawili hawakurudi mikono mitupu, lakini pia hawakurudi mahali patupu. Walikuta watu wenye dai lao, nao watu hao waliipa elimu yao kazi ya kufanya.

Hata hivyo tusiandike historia ya kujisifu. Ushirika ulipokua, hesabu zilizidi kuwa mali ya makarani na mameneja, na mwanachama wa kijijini akabaki mtu wa kuleta pamba na kungoja malipo. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta uendeshaji mbovu, na wanachama wengi wasioelewa mambo ya vyama vyao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kwa amri kutoka juu, na ikabidi sheria ya 1982 ivirudishe. Mizani ilikuwa imetoka kwa mnunuzi, lakini haikufika kwa mkulima. Ilikuwa imesimama njiani, mezani kwa mtaalamu.

Kwa hiyo funzo la tatu ndilo zito kuliko yote. Elimu ya mtu mmoja aliyetoka ng'ambo, hata akiwa mwaminifu, haitoshi. Isipogeuzwa kuwa elimu ya wengi, huzaa tabaka jipya la wajuzi. Ndiyo maana kuanzishwa kwa Chuo cha Ushirika Moshi mwaka 1963 kulikuwa hatua sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuwafundisha watumishi wa vyama kunatosha, bila kumfundisha mwanachama.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na vijana wake wanasoma katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Hatuwaambii wasiende. Tunawaambia waende na swali la wazazi wao: nani anashika mizani, nani anapanga bei, nani anaandika hesabu? Na sisi tunaobaki tuna wajibu wetu. Kijiji kisicho na chama hai hakiwezi kumdai msomi chochote arudipo, kitampigia makofi tu. Kijiji kilichojipanga kitampa daftari la mahesabu na kumwambia, "Ndugu, tusomee, kisha utufundishe kusoma wenyewe."